Si Alikufa Huyu?

Mpwa wangu yuko kidato cha pili na ana ugonjwa wa kuuliza maswali picha ikiwa imekolea. Likizo ya Desemba tulijipangia kuangalia mfululizo wa Star Wars, picha moja kila jioni, tukianza na zile za zamani. Kwa hiyo tulipofika The Rise of Skywalker ya 2019, alikuwa bado anakumbuka vizuri Darth Vader alivyomnyanyua Kaizari Palpatine msobemsobe na kumtupa kwenye shimo la mtambo. Picha hiyo ni ya 1983. Mimi nimekua nikijua yule mzee kafa.

Mara huyo hapo, macho yamepauka, kaning'inizwa kwenye mkono wa mashine.

"Mjomba, si alikufa huyu?"

"Tulia, watasema."

Wakasema kweli. Rubani Poe Dameron anasimama mbele ya wapiganaji wenzake, uso umemsawijika, anawaambia kwamba kwa namna fulani Palpatine amerudi. Kwa namna fulani! Mwenzake mmoja anaongezea mawili matatu ya kubahatisha, sayansi ya giza, siri za Sith, lile kundi lake la waovu, na kikao kinaendelea. Mpwa wangu akanigeukia akanitazama vile mama yake anavyonitazama nikirudi dukani na chenji pungufu.

Nimelala na sentensi ile siku kadhaa. Ndani yake unamsikia mwandishi aliyechoka, aliyeambiwa kwamba marehemu lazima awepo na tarehe ya kutoka haisogei. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa kiasi kikubwa. Picha tatu zile mpya zilianza kutoka 2015 bila mtu mmoja kuwa na kisa kizima mkononi. Mwongozaji J.J. Abrams akafungua, Rian Johnson akapokea akaandika yake 2017 na kumuua adui mkuu katikati ya safari, wa tatu aliyekuwa amekabidhiwa kazi akaondolewa, Abrams akarudishwa amalizie. Kijiti kilipokezwa, lakini kila mkimbiaji alikuwa na mstari wake wa mwisho. Kilichobaki ni kuchimbua kaburi. Na ukitaka kucheka zaidi: maneno ya mwanzo ya picha hiyo yanasema dunia zote zimesikia tangazo la Palpatine la kulipiza kisasi. Tangazo lenyewe hulisikii kwenye sinema. Lilirushwa ndani ya Fortnite, gemu la watoto, siku chache kabla. Yaani umelipa kiingilio, halafu ukurasa wa kwanza wa hadithi umebaki kwenye gemu la mtoto wa jirani.

Mimi nimekulia kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, televisheni ya inchi 21 imefungiwa kwenye kasha lenye kufuli, deki juu yake imefunikwa kitambaa cha kufuma, na shilingi mia mkononi imelowa jasho. Sheria ya mle ndani aliijua hata mtoto aliyechungulia kwenye tundu la bati: stelingi hafi. Ukimwona mtu kwenye kava kashika bunduki, ujue huyo tutatoka naye mpaka mwisho. Hakuna aliyekwenda kule kujua kama stelingi atapona. Tulikwenda kujua atapona vipi, na kwa hasara gani. Mtu mzima na ndevu zake alikuwa anasimama anapiga kelele, "Nyuma yako! Geuka, we fala!" kwa sababu kwa dakika ile sheria ilikuwa imemtoka kichwani. Mwandishi alikuwa amemsahaulisha.

Watafsiri wetu walilijua hilo kuliko mhakiki yeyote. Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda: hawa ni watu wanaoingia kwenye picha kwa mlango wa nyuma na kuona mbao zilivyopigiliwa misumari. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kitu. Picha ikiwa imejengwa sawasawa, mtafsiri anatembea nayo, anaongeza chumvi hapa na pale. Picha ikiwa na mashimo, anaanza kuchomekea mwenyewe: huyu jamaa ana kinyongo cha shamba, yule alimchukulia mchumba. Nimewahi kuangalia picha moja iliyotafsiriwa, kisha nikaitafuta ile yenyewe bila tafsiri, nikakuta sababu ya ugomvi mzima ilikuwa imetungwa na bwana wa maikrofoni. Ile ya Wamarekani haikuwa na sababu.

Mfano wangu wa siku zote ni Die Hard ya 1988. Haikuandikwa ili isomwe chuoni. Ni picha ya mapigano, mtu mmoja kwenye ghorofa refu na majambazi. Lakini hebu angalia miguu ya yule mtu. John McClane anatua Los Angeles akiwa mwoga wa ndege, na abiria mwenzake anampa dawa: ukifika, vua viatu na soksi, tembea peku juu ya zulia, kunja vidole vya miguu kama ngumi. Ushauri wa kipuuzi, unacheka unasahau. Anafika kwenye jengo, anavua, anajaribu, anashangaa kwamba inasaidia. Punde si punde risasi zinalia. Anakimbia peku. Anamuua jambazi wa kwanza, anajaribu viatu vyake, havimtoshi. Baadaye anakutana ana kwa ana na Hans Gruber, mkuu wa majambazi, anayejifanya mateka, na Gruber anaona miguu ile. Haongei kitu. Muda si mrefu anatoa amri: pigeni risasi vioo.

Basi unamwona McClane amekaa chooni anachomoa vipande vya kioo kwenye nyayo, damu imetapakaa sakafuni, anaongea kwa redio na polisi aliye chini asiyemjua kwa sura, na hapo ndipo anaomba mke wake apelekewe samahani. Yote hayo yamezaliwa na mazungumzo ya dakika moja ndani ya ndege. Adui ana macho. Stelingi ana mwili unaouma. Saa ya mkononi ya mke wake, zawadi ya kampuni iliyoonyeshwa mapema kama majigambo tu ya ofisini, ndiyo Gruber anayoning'inia nayo dirishani mwishoni, na McClane anaifungua kufuli yake. Gruber anaanguka ghorofa zote zile. Kafa. Kafa kiasi kwamba walipotaka ukoo ule kwenye sehemu ya tatu mwaka 1995, ilibidi wamlete ndugu yake.

Siku hizi ndugu hahitajiki. Chukua mashujaa wa Marvel. Mwaka 2018, katika Infinity War, Thanos anamtupa binti yake wa kulea, Gamora, kutoka juu ya jabali ili apate jiwe analolitaka, na sharti la jiwe ni kumtoa unayempenda. Analia. Nilivyoiona mara ya kwanza nilikaa kimya, maana ni mara chache adui analipa bei kubwa kuliko stelingi. Mwaka mmoja baadaye, kwenye Endgame, Gamora mwingine anaibuka kutoka miaka ya nyuma, mzima wa afya, na machozi ya Thanos yakawa maji ya bomba. Iron Man naye kafa kwenye picha hiyo hiyo, mazishi tumeyaona, ua limeelea ziwani. Sasa mwigizaji wake, Robert Downey Jr., yuko njiani tena, ila safari hii akiwa adui, Doctor Doom. Alivua kinyago jukwaani San Diego Julai 2024 na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Historia ya kinyago hicho ndiyo inayonikera. Miaka miwili kabla, jukwaa hilo hilo lilitangaza kwamba picha ijayo ya Avengers ni ya adui anayeitwa Kang, na tarehe ikatajwa. Mwigizaji wa Kang akatiwa hatiani na mahakama ya New York Desemba 2023, studio ikaachana naye, jina la picha likabadilika, adui akabadilika, kila kitu kikabadilika isipokuwa mpango wa kutoa picha. Hebu fikiria fundi anayeandika kadi za harusi, anakodi ukumbi, anatangaza siku, halafu bwana harusi akikosekana anasema hakuna neno, tutamvalisha suti mwingine. Inawezekana picha hiyo ikawa nzuri, sikatai. Ila usiniambie kwamba hadithi ndiyo iliyomwita Doctor Doom.

Na nzige! Kama kuna mtu wa pande zetu aliyeiona Jurassic World Dominion ya 2022 bila kuguna, anitafute. Picha iliyotangulia, ya 2018, ilimalizika dinosaria wakiwa wameachiliwa, wanazurura kwenye makazi ya watu. Tukasubiri miaka minne kuona itakuwaje binadamu na dinosaria wakigombea barabara moja. Tukaletewa nzige. Majitu ya nzige yaliyotengenezwa na kampuni ya mbegu, yanakula mazao ya kila mtu isipokuwa waliopanda mbegu za kampuni hiyo. Mwaka 2020 Kenya ilivamiwa na nzige kwa kiwango ambacho haikuwa imekishuhudia kwa miaka 70, watu walitoka na masufuria na filimbi kufukuza wingu linalokula shamba. Nzige tunawajua, hatukulipa kiingilio kuwaona. Na ile ya kwanza ya 1993 iliitisha dunia nzima kwa glasi ya maji inayotikisika, kabla hata mnyama mwenyewe hajatokea. Dominion ilikusanya dola bilioni moja. Hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kujua kwa nini hawajirekebishi.

Mwaka 2024, kati ya picha kumi zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani, tisa zilikuwa ama mwendelezo ama kisa cha kabla ya kisa. Iliyobaki, Wicked, ilitokana na mchezo wa jukwaani, nayo ikakatwa vipande viwili. Tuliokuwa tunawasimanga Bongo Movie kwa kuuza Part One na Part Two ili mtu anunue mara mbili, tuombe radhi kwanza, halafu tuendelee.

Sidhani kama Marekani wameishiwa waandishi. Wanao, tena wengi, na ndio waliogoma 2023 kwa siku 148, kuanzia tarehe 2 Mei. Walikuwa wanalalamikia malipo, lakini pia namna kazi inavyokatwakatwa: unaitwa wiki chache, mnakuwa wachache chumbani, unaondoka kabla picha haijapigwa hata siku moja. Na walitaka akili mnemba isihesabiwe kuwa mwandishi. Studio zilikuwa zimeshaonja dunia isiyo na waandishi kwenye mgomo wa 2007 hadi 2008. Mwigizaji Daniel Craig alikuja kusema kwamba kwenye Quantum of Solace, picha ya James Bond, yeye na mwongozaji walijikuta wanaandika baadhi ya vipande wenyewe, na kwamba yeye si mwandishi. Ukiiangalia hahitaji kukuambia.

Halafu kuna simu. Waandishi kadhaa wa huko wamesimulia kwamba wakubwa wa kampuni za kuangalia sinema kwa intaneti huwaomba wawafanye wahusika waseme kwa mdomo wanachokifanya, ili mtu anayechezea simu au anayekunja nguo asipotee. "Sasa nafungua mlango." "Naona unaogopa." Nikisikia maongezi ya hivyo najua nimeandikiwa mimi nikiwa jikoni. Hii najilaumu kidogo, maana kweli mara nyingine niko jikoni.

Kuna watakaonijia juu kwamba haraka si hoja, kwamba Casablanca ya 1942 ilikuwa ikiandikwa huku inapigwa, na waigizaji wenyewe hawakujua yule mwanamke ataondoka na nani. Kweli kabisa. Lakini angalia walichokuwa wanakihangaikia: mwanamke huyu, kwa alivyo, atapanda ndege na nani? Walikuwa wanamtafuta mtu. Hawakuwa wanatafuta kisingizio cha kumfikisha kwenye picha ya tano.

Na zipo zinazotoka vizuri hata sasa. Get Out ya Jordan Peele, 2017, ilitengenezwa kwa dola milioni nne na nusu, karibu na bure kwa hesabu za kule, na kila kitu kidogo ndani yake, kijiko kwenye kikombe cha chai, pamba kwenye mkono wa kochi, kina kazi yake baadaye. Ikapata Oscar ya skripti. Kwa hiyo wanajua. Wanajua kabisa.

Jumamosi iliyofuata dada alikuwa zamu ya usiku, nikamwekea mpwa wangu Die Hard kwenye laptopu. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu kifuani, amekwishanionya kwamba picha ya zamani hivyo atalala. Kwenye ndege hakuuliza kitu. McClane alipovua viatu akasema tu, "Huyu naye." Ilipofika zamu ya vioo simu ilikuwa imeanguka chini ya kochi na hakuna aliyeiokota. Nikamchungulia. Alikuwa amepandisha miguu yake yote miwili juu, ameikunjia ndani ya khanga ya mama yake, vidole amevishika kwa mkono.

"Mjomba," akaninong'oneza, "hana hata ndala?"