Vali Kuvuja Baada ya Mshtuko wa Moyo: Je, Kuiziba Kunaongeza Miaka?

Mtu akinusurika mshtuko wa moyo, ndugu huuliza kwanza kama mshipa ulioziba umefunguliwa. Wachache huuliza habari za vali, yaani milango midogo ndani ya moyo inayozuia damu isirudi nyuma, na hilo linanisikitisha. Mwaka 2001 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 303 waliowahi kupata mshtuko. Ambao vali yao ya mitrali (ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto) haikuvuja, asilimia 61 walikuwa hai baada ya miaka 5. Ambao ilivuja, ni asilimia 38 tu.

Vali yenyewe mara nyingi huwa nzima. Kilichougua ni ukuta wa moyo. Misuli iliyokosa damu hulegea, chumba cha chini cha kushoto hutanuka, na vimisuli vinavyoishikilia vali kwa nyuzi husogea mbali na mahali pake. Nyuzi zikivutwa hivyo, vipande vya vali havikutani. Kwa kila pigo damu kiasi hurudi juu, mapafu yakajaa na mgonjwa akahema kwa kazi ndogo. Damu hiyo hiyo inayorudi huuongezea moyo mzigo, chumba kikazidi kutanuka na vali ikazidi kuvuja.

Kwa mduara huo, wapo wanaoshikilia kwamba uvujaji wenyewe unaua. Wana hoja: katika utafiti ule hatari iliongezeka kadiri uvujaji ulivyokuwa mkubwa, hata baada ya kuzingatia umri na nguvu ya moyo kusukuma damu.

Upande wa pili huona vali kama dalili tu ya msuli uliochoka, nao wana ushahidi wa chumba cha upasuaji. Wagonjwa 301 wenye uvujaji wa wastani waligawanywa: wengine wakawekewa njia mpya za damu ya moyo peke yake, wengine wakarekebishwa na vali pia. Waliorekebishwa vali, uvujaji wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao, lakini baada ya miaka 2 vifo vilikuwa kama asilimia 10 kila upande.

Mwaka 2018 zikaja tafiti mbili za kuibana vali kwa klipu inayopitishwa kwenye mshipa, bila kupasua kifua. Wagonjwa wote walikuwa na moyo dhaifu, ingawa si wote kwa sababu ya mshtuko. MITRA-FR ya Ufaransa haikuona nafuu katika vifo. COAPT, iliyofanyika Marekani na Kanada, iliona vifo vya miaka 2 vikishuka kutoka asilimia 46 hadi 29. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba wagonjwa wa COAPT walikuwa na uvujaji mkubwa na vyumba vya moyo ambavyo havijatanuka kupita kiasi, tena dawa zao zilikuwa zimepandishwa hadi kiwango cha juu wanachoweza kukivumilia kabla ya klipu.

Kwa hiyo naegemea kwenye dawa kwanza, kisha vali pale uvujaji unapokuwa mkubwa kuliko udhaifu wa msuli unavyoweza kuueleza. (Kimisuli kikikatika kabisa, hapo hakuna mjadala: ni upasuaji wa dharura.) Ila uamuzi huo unahitaji kipimo, na sikio la daktari halitoshi, maana uvujaji wa aina hii unaweza kuwa mkubwa huku sauti yake ikiwa hafifu. Picha ya eko (ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya siku za mwanzo nayo haitoshi. Wiki kadhaa baadaye, dawa zikishafanya kazi, vali ile ile inaweza kuwa imetulia au inavuja zaidi, na jibu la picha ya pili ndilo linaloweza kubadilisha matibabu.