Nirudishieni beseni langu

Jamani mwenzenu nina miaka 42, mimba ina wiki 34, na beseni la kuogeshea mtoto sina. Nililigawa. Niligawa kila kitu mie, beseni, neti ile ya mwamvuli, nepi za kitambaa, mbeleko, mpaka pini za nepi nikampa mtu, nikasema kiwanda kimefungwa, mashine zimeng'olewa na mlinzi kashalipwa chake karudi kwao Singida. Kumbe kiwanda kilikua kwenye matengenezo tu.

Siku zangu zilivyopotea miezi miwili sikushtuka hata kidogo. Nikajua ndo ukomo wa hedhi huo, mana nlikua nasikia joto, nakasirika hovyo, nalia nikiona tangazo la sabuni. Nikaanza na kujitangaza mtaani kabisa, mie sasa mtu mzima, msinisumbue na mambo ya kitoto. Mtu mzima! Siku kitunguu kimekaangwa nyumba ya tatu nikatapika mpaka nikawaona mababu, nikaenda duka la dawa nikasema nimetumwa na binti yangu, nikanunua kipimo, mistari miwili. Nikarudi nikanunua kingine, nikasema kile kibovu. Miwili. Nikakaa juu ya ndoo mle bafuni nacheka huku machozi yanatoka, mpaka mpangaji mwenzangu akagonga mlango, Mama Zawadi vipi, umeteleza? Nikamwambia ndio shoga, nimeteleza.

Sasa kumwambia huyo Zawadi mwenyewe, yuko chuo Dodoma mwaka wa pili. Nikamtumia ujumbe, "mwanangu utapata mdogo wako". Tiki zikawa za bluu, kimya dakika 40, halafu kikaja kimoja tu: "Wa nani?" Shabani yeye ana miaka 16, toka tumbo lianze kuonekana hatembei na mimi, ananitangulia hatua kumi kama mlinzi wa raisi. Ni Rehema tu wa miaka 12 aliefurahi, kashaanza kugawa majukumu humu ndani, nani ataosha chupa, nani atabembeleza, mie kanipa kunyonyesha.

Mimba ya Zawadi nilikua na miaka 20, niliibeba kama mtu kabeba pochi. Mwezi wa nane nina ndoo ya maji kichwani, jioni nafata mdundiko toka Tandika mpaka Yombo, narudi nasonga ugali. Hii sasa ni gunia la mkaa ambalo halina pa kushika. Nyonga zinalia, kinena kinauma, nikiinuka kwenye kiti lazima niseme yarabi toba kwanza ndo mwili uanze kufikiria. Nesi kanieleza kwamba homoni zinalegeza maungio yote ili mtoto apate njia ya kupita, sawa, nimeelewa, ila mimi mtoto bado wiki sita atoke na maungio yashalegea mpaka ya vidole, juzi nimeangusha vikombe viwili. Na kiungulia! Nacho kinatokana na homoni hizo hizo, zinalegeza ule mlango wa juu wa tumbo la chakula, mtoto nae anasukuma toka chini, basi asidi inapanda yenyewe kama inapanda ghorofa. Wazee wa mtaani wanasema kiungulia ni mtoto ana nywele nyingi. Kwa kiungulia hiki changu mtoto anatoka na rasta.

Miguu msiniulize. Viatu vyangu vyote vimenikataa, navaa kandambili za Baba Zawadi, na zenyewe jioni zinaacha chapa.

Kliniki mara ya kwanza nlienda na mume wangu, mana ukija na mwenza mnapita mbele ya foleni, na mie kwa foleni ile ningeenda hata na mume wa kukodi. Tumeingia, benchi limejaa wasichana wa miaka 19, 22, wamependeza, nesi kanitazama kwa upole kabisa akasema, "Mama, wasindikizaji mnakaa kule nje kwenye mti." Nikamwambia mwanangu mie sisindikizi, nasindikizwa. Baba Zawadi badala ya kunitetea kashaanza kuelekea kwenye mti. Alivyoambiwa tunapimwa damu wote wawili ndo akakumbuka ana udhuru kazini, mwanaume mlinzi anakesha na rungu usiku kucha, anaogopa kasindano kadogo kama ka kutarizia.

Nesi kaniandika kwenye kadi, kauliza umri, kauliza wa mwisho nimemzaa lini, kila nikijibu anainua nyusi. Zamani tulikua tunahesabiwa mahudhurio manne basi, saivi Shirika la Afya Duniani toka 2016 linasema mara 8, na mie wa umri huu nahisi nikiomba chumba pale watanipa. Wanapima presha, wanapima mkojo, unameza vidonge vitatu vya malaria mbele ya nesi anakuangalia koo. Vidonge vya kuongeza damu nimepewa vya kwenda navyo nyumbani, choo kinakua cheusi kama lami ya barabara mpya, bora nimewaambia mapema msije mkakimbia. Halafu eti usinywe na chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mimi! Mimi na chai tumelelewa pamoja!

Lakini kichekesho chenyewe kiko kwenye futi. Mie ni fundi cherehani, miaka 18 napima matumbo ya watu, majuzi hapo kliniki nimelala kitandani nesi kaniwekea futi tumboni kasoma "34". Moyo ukaruka kwa furaha, mana kiuno changu cha siku zote ni 38, nikasema ama kweli huyu mtoto ana baraka, ananipunguza. Nesi akanikata maini, yeye hasomi inchi, anasoma sentimita, toka mfupa wa kinena mpaka juu ya kizazi, na hizo sentimita ndo zinaenda sambamba na wiki za mimba. Sasa ubishi wangu. Nimefika nyumbani nikachukua futi yangu nikajizungusha mwenyewe kwenye kioo, inchi 46. Nikaandika kwenye daftari la kazi, mana karatasi nyingine haikuwepo karibu.

Mnajua kilichofata. Kuna binti kaleta kitambaa cha sare ya harusi ya dada yake, kiuno chake 29, kenyewe kamepinda kama nyigu. Na mimba hii kichwa changu kinavuja, naweza kusimama mbele ya kabati nikasahau nimefata nini nikarudi kulala. Nikafungua daftari, nikaona namba, nikakata. Siku kaja kujaribu gauni kalivaa likamzunguka kama pazia la msiba, kimya, hatuangaliani, mwisho kauliza kwa adabu, "Fundi, hili na mimi naingia na nani?" Nimelipa kitambaa. Hela ya kitambaa kile ndo ilikua hela ya beseni jipya, kwa hiyo mkiona nahangaika na beseni la zamani mjue kuna historia.

Na kazi yenyewe inafanyika kwa shida. Cherehani yangu ya kukanyaga, tumbo linafika mezani kabla yangu, basi nakaa upande upande, mikono nimeinyoosha kama naendesha lori, nikiinama kutoa bobini mtoto ananipiga teke la mbavu, nikikanyaga pedeli sana msuli wa mguu unakaza. Bobini ikidondoka chini ndo imeshahamia huko, namsubiri Rehema atoke shule. Mwenzangu alieajiriwa sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi na mshahara juu, mie nimwombe nani likizo, cherehani? Baba Zawadi yeye sheria inampa siku 3, kashazipangia ratiba, ya kwanza kupokea wageni, ya pili kupumzika kwa sababu ya wageni, ya tatu Simba wanacheza.

Usiku sasa. Wanasema ulale ubavu wa kushoto, uzito usikandamize ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Haya nalala kushoto, mto mmoja katikati ya magoti, mmoja mgongoni, mmoja chini ya tumbo, Baba Zawadi kama yuko zamu ya mchana usiku huo kabaki na kona ya godoro kama mpangaji anaedaiwa. Nikitaka kugeuka ni semi treila inageuza mtaa wa Kongo Kariakoo siku ya Jumamosi, lazima mtu asimame nyuma aelekeze. Nimegeuka tu, mkojo. Nimetoka, korido, tochi ya simu mdomoni, komeo la choo linalia kiiii nyumba nzima inajua Mama Zawadi kaenda. Vitone vitatu! Mtu umeamsha wapangaji wanane kwa vitone vitatu. Narudi, umeme umekatika, feni imenyamaza, joto la Dar mwezi wa pili mnalijua, na mtoto ndo kapata nafasi, anacheza rede.

Ila nawaambia ukweli akicheza nalalamika, asipocheza nakufa. Kati ya Rehema na huyu kulikua na mmoja hakukaa, miezi minne tu. Hatukumsema sana, watu wa mtaani wengi hawajui, wiki ile ile ndo nilitoa beseni nje nikaanza kugawa vitu kama mtu anahama. Kwa hiyo sa nane usiku kukiwa kimya huko ndani naweka mkono, nabonyeza kidogo, we mtoto, we, na mie nesi kanipa orodha yangu ya kichwani, kichwa kikiuma sana, macho yakiona maluweluwe, uso ukivimba, mtoto akipunguza kucheza, nisisubiri asubuhi. Najigusa uso gizani, hivi huu ni uvimbe au ni unene wangu wa siku zote? Halafu linakuja teke moja la kibofu, tii. Nashukuru Mungu, naamka tena naenda kuliza komeo.

Turudi kwenye beseni. Nilimpa Mama Nasra jirani hapa, beseni la bluu, zito, zile plastiki za zamani ambazo hata ukilidondosha linakutukana, na chini lina kovu, Zawadi aliwahi kuliwekea pasi ya mkaa. Nikaenda kwa heshima zote, shoga angu samahani, lile beseni. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema alikua anakandia unga wa maandazi, halafu kampa wifi yake Mbagala. Kumbe miaka yote ile mie nakula maandazi ya beseni langu kwa hela yangu. Nikampigia wifi, wifi akasema lipo, ila lina kazi. Kazi gani? Anauzia dagaa.

Nimemtuma Shabani. Mtoto wa kiume wa kidato cha tatu, kavaa na miwani ya jua ya kuazima ili asijulikane, kaenda Mbagala kurudi na beseni. Anasema kwenye daladala siti ya pembeni yake haikukaliwa mpaka Tandika, watu wamesimama wanaona bora kusimama, na konda kamdai nauli ya mzigo. Kalitupa mlangoni kaenda kuoga mara mbili.

Nimelisugua kwa majivu. Nimelisugua kwa ndimu, nikalianika jua siku mbili, paka wote wa mtaa wakaja kikao. Rehema kasema mama mdogo wangu hatoogea humo, atakwenda shule anaitwa Dagaa. Baba Zawadi kanusa kidogo kasema mbona safi, nipikie basi na ugali.

Jana jioni miguu imevimba imekua kama mihogo ya Kibaha, nikasema liwalo na liwe, nikaweka beseni kibarazani, nikajaza maji ya mtungini, nikatumbukiza miguu yote miwili. Wewe! Baridi ilipanda toka kwenye nyayo ikapita magoti ikafika mpaka kwa mtoto, akatulia, na mie nikatulia, hata harufu ya dagaa sikuisikia tena. Nimekaa humo mpaka adhana ya Isha. Mama Nasra kapita na sinia lake la maandazi, akasema shoga na wewe si ungeliacha likauke, linasubiri mtoto hilo.

Mtoto atafutiwe lake.