Makaburi ya kale Kilwa: wageni waingie au tufunge?

Kuna watu huku Lindi wakisikia mtu anaenda kutembea makaburini wanashangaa kabisa, makaburini unaenda kuzika au kuomba dua basi, unarudi zako nyumbani. Mi nawaelewa. Akija mgeni pale Msikiti wa Malindi, Kilwa Kisiwani, akapanda juu ya kaburi na viatu vyake apige selfi, na dini imekataza hata kukaa tu juu ya kaburi, mzee wa pale akikasirika ana haki.

Ila hii ya kusema makaburi ya kale yafungwe kabisa kwa wageni hainiingii. Watu wa Songo Mnara, mji wa kale kwenye kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, wenyewe hawakuwaficha wafu wao, makaburi yako humohumo mjini karibu na msikiti na nyumba, na waliochimba pale wamekuta sarafu za shaba na vijiwe vyeupe vimeachwa makaburini. Yaani watu walikuwa wanakuja, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Na kuzuru kwenyewe kupo kwenye dini, unatoa salamu, unaomba dua, unakumbuka kifo.

Kinachoyamaliza makaburi mi naona ni kusahaulika. Liangalie kaburi la matumbawe lisilo na mtu, mzizi umeshaingia kwenye ufa, ukigusa tu chokaa inabanduka. Makaburi mengi ya kale ya pwani yalipachikwa sahani za Kichina, leo unakuta tundu la duara, na aliyeing'oa alijinafasi maana hakuna aliyekuwa anapita. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatoka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, ingekuwa hayajulikani nani angehangaika?

Sasa linaloniuma zaidi ni haya ya juzijuzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863, je kaburi la 1890 la Mikindani au Kilwa Kivinje? Mpaka litangazwe rasmi. Haya hayana geti wala mlinzi, yana wajukuu, na wajukuu wengi wako Dar.

Kwa hiyo wageni waje, ila waingie na mwenyeji wa palepale, njia isipite juu ya kaburi la mtu, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini ya kufyekea. Na wenye makaburi wakikataa wamekataa, hata kama aliyekuja ni mtafiti mwenye barua ya wizara.