Nani anasema kweli kuhusu anga: okestra au kompyuta?

Mwaka 2022 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilitoa sauti fupi iliyoenea mitandaoni kama moto wa makuti. Ni mngurumo mzito, wa kutia baridi mgongoni, kama upepo unaolia ndani ya pango. Watu wakaambiana: sikilizeni, shimo jeusi linaimba. Tangu hapo mjadala wowote kuhusu simfonia zilizotokana na nyota huishia palepale. Wapo wanaosema zama za mtunzi kujifungia na kinanda chake na kuzibunia sayari sauti zimepita. Anga lenyewe sasa limepewa kipaza sauti, na muziki wowote usiotokana na data ya darubini ni porojo iliyovishwa fidla.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na nitaipa nafasi yake. Ila nashuku kwamba wengi wanaoitoa hawajaichunguza hiyo sauti wanayoisifu, wala hawajamsikiliza hadi mwisho mtunzi wanayemsuta.

Anayesutwa kwanza ni Gustav Holst, Mwingereza aliyeandika kati ya 1914 na 1917 kazi kubwa ya okestra yenye sehemu saba, kila sehemu na sayari yake. (Wakali wa kanuni watasema ni msururu, si simfonia. Tuwaachie.) Makosa yake yanajulikana. Mirihi imetangulia Zuhura na Utaridi, tofauti na mpangilio wa kutoka Jua. Dunia haimo. Kubwa zaidi, kilichomvutia Holst hakikuwa astronomia, kilikuwa elimu ya bahati za watu: kwake Mirihi ni mleta vita na Zohali ni mleta uzee. Huo ni unajimu wa ramli, wanasema, na hauna haki ya kujiita muziki wa anga. Mimi hunichekesha kidogo shtaka hili likitolewa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa karne nyingi ilimwita mnajimu yule aliyejua majira ya nyota na yule aliyetabiri ndoa bila kuona haja ya maneno mawili.

Turudi kwenye mngurumo. Chanzo chake ni cha kweli kabisa. Katika kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 240, imetanda gesi ya moto mkali, na shimo jeusi lililo katikati huisukuma kwa mawimbi ya mgandamizo. Mgandamizo unaosafiri ndani ya gesi ni sauti, awepo wa kuisikia asiwepo. Kwa hiyo wanaorudiarudia kwamba angani hamna sauti hata kidogo wamepitwa. Darubini ya Chandra iliyaona mawimbi hayo, na mwaka 2003 wanasayansi wakatangaza hadi noti yake: B-fleti, ila oktava 57 chini ya ile iliyo katikati ya kinanda.

Oktava 57. Namba hii nimeigeuzageuza kichwani kwa siku kadhaa na bado hainiachi. Kinanda kizima cha vibonye 88 kina oktava saba na ushee. Kila oktava unayopanda, mitetemo huongezeka maradufu: oktava moja, mara mbili, oktava kumi, mara 1,024, oktava 57, zaidi ya mara 144,000,000,000,000,000. Fidla inapotoa ile noti ya kulinganishia ala kabla ya onyesho, waya wake hutetema mara 440 hivi kwa sekunde moja. Gesi ya Perseus hutetema mara moja kwa miaka takriban milioni 10. Binadamu wa aina yetu tumekuwapo kwa miaka kama 300,000. Yaani tangu mmoja wetu ainue uso kwa mara ya kwanza kutazama nyota hadi usiku wa jana, noti hiyo imetimiza kama sehemu tatu kwa mia za mtetemo mmoja. Hata mwanzo wa sauti hatujaufikia.

Kwa hiyo tunaposikia mngurumo ule tunasikia nini? Hatusikii kilichorekodiwa. Tunasikia picha. Chandra iliona mikunjo ya gesi iliyo kama imeganda, kwa kuwa kwa kipimo cha maisha yetu imeganda. Mikunjo hiyo ikasomwa kutoka katikati kwenda nje, ikapandishwa oktava 57 na 58, na picha nzima ikazungukwa kama mkono wa rada unavyozunguka. Kule kupanda na kushuka kunakosisimua, kama kitu kinachopumua, ni mwendo wa ule mkono. Huko Perseus kwenyewe hakupo. Kuna mtu aliyekaa akaamua mkono uende kwa kasi gani. Katika sauti nyingine za namna hiyo, mtu ameamua kwamba nyota iliyo juu pichani iwe noti ya juu, na inayong'aa zaidi ipige kwa nguvu zaidi. Ni maamuzi yenye mantiki, lakini mtu akishaamua kipi kiwe noti ya juu na kipi kipigwe kwa nguvu, amekwisha kuanza kutunga. NASA walieleza walivyofanya. Waliosambaza ndio walioyaacha maelezo njiani.

Sasa upande wa pili, ule wa data, una mashahidi wawili wazito. Wa kwanza ni Wanda Díaz-Merced, mwanaastronomia wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa masomoni, akaendelea na utafiti wake kwa kugeuza data kuwa sauti. Sikio lake likamwonyesha mambo ambayo grafu huyaficha ndani ya kelele za data. Mbele ya ushahidi huo sina ubishi. Ila tuzingatie anachofanya: hasemi nyota inaimba, anasema amepata kifaa cha kusomea. Hakuna anayekiomba kifaa hicho kichukue nafasi ya okestra.

Wa pili ni Johannes Kepler, na huyu ndiye anayenipa kazi. Mwaka 1619 alitoa kitabu kuhusu ulinganifu wa ulimwengu, na ndani yake akaandika noti za sayari kwa hesabu, si kwa kubuni. Alichukua kasi ya kila sayari ikiwa karibu na Jua na ikiwa mbali, akatafuta uwiano. Wa Dunia ulikuwa kama 15 kwa 16, yaani nusu toni. Dunia basi huimba mi, fa, mi, na Kepler akaongeza kwa uchungu kwamba silabi hizo zatosha kutuambia makao yetu ni ya dhiki na njaa, *miseria* na *fames* kwa Kilatini. Ndani ya kitabu hichohicho cha muziki ndimo ilimo kanuni yake ya tatu: mraba wa muda wa sayari kulizunguka Jua huwiana na mchemraba wa umbali wake wa wastani. Safari za vyombo vya angani hupangwa juu ya msingi huo mpaka leo. Aliyetafuta wimbo katika data alipata sheria ya maumbile. Upande wa data hauna shahidi bora kuliko huyu.

Lakini Kepler mwenyewe alitahadharisha kwamba muziki huo wa mbingu ni wa akili, hausikiki kwa masikio. Hakudai anatuletea sauti ya Zohali. Kwa neno hilo moja ananiangukia upande wangu.

Mtunzi wa Marekani John Cage alijaribu kulipa anga kalamu kabisa. Mwaka 1961 na 1962 alitandika karatasi juu ya ramani za nyota na kuziacha nyota ziamue noti zikae wapi. Kazi hiyo ilipopigwa New York mwaka 1964, baadhi ya wapigaji waliifanyia dhihaka waziwazi na wasikilizaji wakainuka kuondoka. Tabia yao ilikuwa mbaya, lakini swali linabaki: asiyeambiwa kwamba zile ni nyota angejuaje?

Msikilizaji wa Holst hahitaji kuambiwa. Mirihi inaanza na nyuzi zikigongwa kwa mti wa uta badala ya manyoya yake, sauti kavu kama mifupa inayogongana, na kila kipimo kina mapigo matano. Jaribu kuandama gwaride kwa mapigo matano ukiwa na miguu miwili. Kila mzunguko unakuta mguu usio wake, na vita vinazidi kukusogelea.

Kisha nenda hadi mwisho, Neptuni, sayari ya mbali kuliko zote zilizojulikana wakati huo, ambayo mwaka 1846 ilipatikana kwa hesabu kabla ya darubini kuelekezwa ilipo. Hapo Holst ameweka kwaya ya wanawake isiyoonekana. Maagizo yake ni ya fundi: waimbaji wakae chumba cha pembeni, mlango uwe wazi, na ufikapo mwisho mlango ufungwe polepole bila kelele, huku kipimo cha mwisho kikirudiwa mpaka sauti ipotelee mbali. Wasikilizaji wapatao 250 walioalikwa Queen's Hall, London, tarehe 29 Septemba 1918, ndio waliokuwa wa kwanza kuusikia mwisho huo katika onyesho la okestra. Hakuna anayeweza kukuambia ni sekunde ipi sauti ilikoma. Unabaki umeinamisha kichwa, ukisikia au ukidhani unasikia. Leo mawimbi ya redio ya Voyager 1, chombo kilichorushwa mwaka 1977, huchukua zaidi ya saa 22 kutufikia, nayo yamefifia vibaya. Umbali unavyohisiwa na anayebaki nyuma akitega sikio, hapo umo wote, tena kutoka kwa mtu aliyekuwa akisoma vitabu vya ramli.

Mtunzi wa Poland Henryk Górecki alifanya jambo la jamaa na hilo katika simfonia yake ya pili ya mwaka 1972, aliyoagizwa kwa ajili ya miaka 500 ya kuzaliwa kwa mwanaastronomia Copernicus. Hakuna sayari inayozunguka humo. Kuna mapigo mazito ya okestra nzima yanayoanguka na kuanguka tena, kama nyumba inayobomolewa na wenyewe wakiwa ndani, ndipo baadaye yaje maneno ya Copernicus kuhusu uzuri wa mbingu, kwa utulivu. Data ya Copernicus ilisema Dunia haipo katikati. Simfonia inaonyesha kilichowapata watu walioambiwa hivyo, na hilo hakuna mkono wa rada utakaolisoma pichani.

Mwaka 2000 okestra ya Hallé ya Manchester ilimwagiza Colin Matthews amkamilishie Holst hesabu. Pluto iligunduliwa mwaka 1930, Holst alikuwa hai bado na hakuiandikia kitu. Orodha ilikuwa na pengo. Matthews ni mtunzi hodari na Pluto yake inasikilizika vizuri. Lakini ili iingie, ilibidi aubadilishe kidogo mwisho wa Neptuni, sauti ya wale wanawake isiishe bali iunganike na kinachofuata. Mlango ukazuiwa usifungwe ili orodha ilingane na vitabu vya sayansi. Mwaka 2006 muungano wa kimataifa wa wanaastronomia ukaiondoa Pluto kwenye sayari kuu, na okestra nyingi zimeendelea kumalizia na Neptuni, mlango ukifungwa.