Siku ya Thanksgiving Wamarekani wanakula kama tulivyokuwa tunakula sisi

Watu wetu wengi huku Marekani wanapenda kusema wazungu hawajui kula pamoja, kila mtu na sahani yake, ukienda kwake bila kupiga simu hafungui mlango. Siku za kawaida ni kweli kabisa wala sibishi. Lakini mimi naishi Columbus, Ohio, na kila ikifika Alhamisi ya nne ya Novemba, yaani Thanksgiving, sikukuu yao ya kushukuru, naona wenzetu wanafanya kitu ambacho sisi kule nyumbani ndo tunakiacha, na inaniuma jamani.

Viwanja vya ndege vinajaa wiki nzima, mtu anatoka California mpaka Ohio kwa bibi yake kwa ajili ya mlo mmoja. Bata mzinga anatolewa kwenye friza siku kadhaa kabla, maana akiwa mkubwa barafu haiishi kwa usiku mmoja, halafu anakaa kwenye oveni masaa na masaa, pembeni kuna viazi vya kuponda, mchuzi mzito, mikate iliyokatwakatwa ikaokwa na vitunguu na seleri, sosi ya kranberi, pai ya maboga. Na wanapika wenyewe! Mtu bosi kazini kwake, siku hiyo kavaa aproni anamenya viazi, wageni nao hawaji mikono mitupu, huyu kabeba maharage yule pai. Kazini watu wanaulizana, wewe una pa kwenda? Ukisema huna unaambiwa njoo kwetu. Mwaka wangu wa kwanza niliitwa na mama mmoja ambaye tulikuwa tunasalimiana tu, nikakaa meza moja na wajukuu zake, na kwa vile alijua mimi Muislamu alienda kutafuta kuku wa halali akampika kwenye chombo chake peke yake. Sijalisahau hilo mpaka leo.

Wenyewe wanasimulia ilianzia Plymouth, Massachusetts mwaka 1621. Waingereza waliokuwa wamebaki hai baada ya baridi na maradhi walikuwa kama 50 hivi, wakaja Wampanoag, wenyeji wa asili wa pale, na mkuu wao Massasoit, wanaume kama 90, wakala siku tatu, na hao Wampanoag ndo waliotoka kuwinda wakaleta kulungu watano. Yaani wageni wa mlo wengi kuliko wenye nyumba na bado chakula kikatosha. Yaliyofuata miaka ya mbele ni mabaya sana, vita, watu kunyang'anywa ardhi yao, na tangu 1970 wenyeji wa asili wanakusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza, kwa hiyo anayeisifia hii sikukuu alijue na hilo, mimi nikikaa mezani nalikumbuka.

Sasa turudi kwetu. Nimekulia Tanga, na harusi ya mtoto wa jirani ilikuwa harusi ya mtaa mzima. Usiku wa kuamkia siku yenyewe uani wanajaa akina mama na visu vyao, huyu anachambua mchele, yule anamenya vitunguu swaumu, nyimbo mpaka usiku wa manane, asubuhi wanaume wanakoka kuni chini ya masufuria makubwa, pilau ikikauka maji unapaliwa mkaa juu ya mfuniko, sisi watoto tunagombania ukoko. Ukipita njia unaitwa, karibu, unakaa kwenye sinia na watu usiowajua unakula unashiba unaenda zako.

Leo inaundwa kamati, linafunguliwa grupu la WhatsApp, kadi za mchango zinatembea, singo ya mtu mmoja bei hii, dabo ya wawili bei hii, chakula kinaletwa na watu wa keteringi, mlangoni amesimama kijana anakagua kadi. Mchango siupingi, ni kusaidiana, na najua mjini wengi wamepanga chumba na sebule hawana hata huo uani. Lakini bibi aliyemwogesha bwana harusi akiwa mchanga anabaki nyumbani kwa sababu hakuwa na hela ya singo, hapo mimi nakataa kabisa, hiyo si shughuli ya kwetu. Afadhali Idi na Krismasi bado sahani zinavuka ukuta, Waislamu kwa Wakristo, ila na zenyewe naona tumeanza kusema gharama, gharama, huku pesa ya maua ya ukumbini inapatikana.

Mdogo wangu anaoa Desemba hii. Nimeshaandika kwenye grupu la familia kwamba mchango wangu hauendi ukumbini, ni wa mchele, kuni na ng'ombe pale nyumbani kwa mama mchana wa siku hiyohiyo, majirani wote waje na asiulizwe mtu kadi. Shangazi zangu wawili wameshasema watakuja kupika. Kamati bado wananuna, watazoea.