Jalada Nene, Ngama Imejaa Maji

Mkaguzi alipiga magoti kwenye chumba cha injini, akafungua bamba la sakafu, akazamisha mkono hadi begani, kisha akautoa ukiwa umeshika kamba ya kiatu. Alikuwa akitafuta swichi ya boya, kidude kisichozidi ngumi ya mtoto kinachokaa chini kabisa ngamani, pale maji yanapokusanyika chini ya sakafu ya boti. Maji yakipanda, boya linainuka na kengele inalia juu kwa nahodha. Boya letu lisingeweza kuinuka. Lilikuwa limefungwa.

Mezani jikoni kulikuwa na jalada la usalama lenye unene wa tofali. Ndani yake kengele hiyohiyo ilikuwa imewekewa vema kila wiki, miezi mitano mfululizo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mwandiko ulikuwa wa nahodha. Kamba ya kiatu ilikuwa yangu.

Nitarudi kwenye hiyo kamba. Kwanza niseme wazi msimamo wangu, maana najua wenye boti wengi hawataupenda: kule Marekani, mwenye tagi, yaani boti ya kuvuta au kusukuma vyombo vya mizigo, anaweza kuchagua kusimamia usalama wake kwa jalada la maandishi au kukaguliwa na serikali; mwenye tagi moja au mbili asijinunulie jalada. Amwite mkaguzi.

Tagi yetu ilifanya kazi upande wa Texas, kwenye mfereji unaofuata pwani ya Ghuba ya Mexico. Wamarekani wanaiita kazi hii kuvuta, ilhali mitoni na mifereji mingi kinachofanyika ni kusukuma: matishari, vyombo bapa vya mizigo visivyo na injini, yanafungwa pamoja kwa waya mbele ya boti, na boti inayasukuma kutoka nyuma kama mtu anayesukuma mkokoteni. Sheria haijali. Uvute, usukume, ubebe tishari ubavuni, yote ni mamoja.

Kwa miaka mingi boti hizi ziliandikwa rasmi kuwa vyombo visivyokaguliwa. Zilikuwa na masharti ya vifaa na leseni za manahodha, lakini hakuna aliyelazimika kuwa na cheti cha ukaguzi. Bunge la Marekani liliagiza zikaguliwe katika sheria ya mwaka 2004, na kanuni zenyewe, zile zinazojulikana kwa herufi M, zilitoka Juni 2016. Miaka 12 ya kuandika kanuni! Masharti mengi yalianza kubana Julai 2018, na kufikia Julai 2022 kila tagi inayohusika ilitakiwa iwe na cheti chake, ambacho hudumu miaka 5. Inayohusika ni ile yenye urefu wa futi 26 na kuendelea, au hata fupi zaidi kama inasukuma tishari la mafuta au shehena nyingine ya hatari. Walinzi wa Pwani wa Marekani, wanaosimamia kanuni hizi, walikadiria tagi kama 5,500 za kampuni kama 1,100. Gawanya uone: wastani ni boti 5 kwa kampuni, na kwa kuwa kampuni kubwa zina mamia, walio wengi wana moja, mbili, tatu. Kanuni hizi basi, kwa hesabu ya vichwa, ni kanuni za watu wadogo.

Anayeuliza kwa nini zilihitajika asome habari za Mauvilla. Usiku wa Septemba 22, 1993, karibu na Mobile, Alabama, tagi hiyo ilikuwa inasukuma matishari 6 kwenye ukungu. Rubani wake akapotea njia, akatoka mtoni na kuingia Big Bayou Canot, kijito ambacho matishari hayakupaswa kukanyaga. Akagonga kitu, akadhani amepwelewa. Alikuwa amegonga daraja la reli na kulisogeza. Dakika chache baadaye treni ya abiria ya Amtrak ikafika pale. Walikufa watu 47. Uchunguzi ulionyesha kwamba rada ilikuwepo botini, ila aliyekuwa mbele yake hakuwa amefundishwa vya kutosha kuisoma.

Hapo ndipo hoja ya jalada inapata nguvu, na siwezi kuikwepa. Ungeipandisha Mauvilla gudini, nje ya maji, ukagonga bamba zake zote kwa nyundo, ukapima pampu zote, usingeukuta ugonjwa wake. Ugonjwa ulikuwa kwa mtu. Ndiyo maana kanuni zinatoa njia mbili. Ya kwanza, Walinzi wa Pwani wanakuja wenyewe kukagua kila mwaka. Ya pili, kampuni inakuwa na mfumo wake wa maandishi wa kusimamia usalama (nani anafundishwa nini, nani anakagua nini, kasoro ikionekana inapelekwa kwa nani), na mashirika ya nje yaliyoidhinishwa yanakuja kupima kama mfumo unafuatwa. Cheti bado kinatolewa na Walinzi wa Pwani, lakini kazi kubwa ya kuangalia inafanywa na kampuni yenyewe mwaka mzima. Kwa kampuni yenye boti 80, ofisi, na mtu ambaye kazi yake yote ni usalama, ninakubali njia ya pili ni bora.

Sasa tuje kwetu. Mwenye boti wetu alikuwa na boti mbili, na nahodha wa moja alikuwa yeye mwenyewe. Jalada lake alilinunua likiwa tayari limeandikwa. Lilikuwa na ukurasa mzima wa maelekezo ya winchi kubwa ya nyuma ambayo hatukuwa nayo. Sehemu moja lilitaja jina la kampuni nyingine, la mteja wa kabla yetu bila shaka. Lilisema kasoro zote ziripotiwe kwa meneja wa usalama aliyeko nchi kavu. Huyo meneja alikuwa mke wa nahodha. Mimi ndiye niliyempa habari za cheo chake, siku alipotuletea mboga gatini, akacheka mpaka akaketi.

Mfumo wa namna hiyo unategemea macho mawili tofauti: anayefanya na anayemtazama anayefanya. Kwetu jicho lilikuwa moja. Nahodha aliripoti kwa mwenye boti, yaani kwa nafsi yake, na hakuwahi kujikuta na kosa. Wala hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa mtu anayefanya kazi saa 6, anapumzika 6, anarudi tena 6, wiki tatu kwa mpigo, na mwisho wa zamu ana fomu 11 za kujaza. Mwili uliochoka huweka vema haraka kuliko unavyoweza kuteremka ngazi.

Na kamba yangu? Kitanda changu kilikuwa ukutani mwa chumba cha injini. Kengele ililia kila usiku, mara mbili, mara tatu, maji machache yakitikisika ngamani boti ilipopigwa na wimbi la meli inayopita. Nilishuka, nikatazama, hakuna hatari, nikarudi kulala, ikalia tena. Usiku wa nne nilishuka na kamba ya kiatu. Nikalala kama mtoto. Nimekulia kwenye msemo wa wende tezi, wende omo, marejeo ni ngamani, na bado nilifanya hivyo.

Mkaguzi hakuniuliza nani aliyefunga. Aliuliza kwa nini ilikuwa inalia. Swali hilo, kwa miezi mitano, hakuna aliyeliuliza, kwa sababu fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, inafanya kazi au haifanyi kazi, na kengele, kabla sijaifunga, ilikuwa inafanya kazi, tena kupita kiasi. Alimulika tochi nyuma, pale shafti inapotoboa mwili wa boti kwenda kwenye rafadha, panga linaloisukuma boti majini. Pale huzibwa kwa kamba maalumu zilizoshindiliwa na girisi, na kudondoka matone machache ni kawaida. Yetu hayakuwa matone. Ulikuwa uzi wa maji, mwembamba, usiokatika.

Kisha akanigeukia mimi, baharia mdogo kuliko wote, akasema moto umeanza hapa, nionyeshe unakata wapi mafuta ya injini bila kuingia chumba hiki. Sikujua. Jalada lilisema najua. Lilikuwa na sahihi yangu, ya siku yangu ya kwanza, niliyoitia nikiwa bado nimebeba begi.

Najua jibu litakalokuja: mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka, na wiki moja kabla yake boti nzima inapakwa rangi. Ni kweli, nimeshika hiyo brashi. Lakini boti ya mtu mdogo huenda haiguswi kabisa ila wiki hiyo moja, na vitu vingi vilivyotengenezeka katika miaka yangu kule vilitengenezwa kwa hofu ya mgeni: kikapu cha jaketi za kuokolea kikasogezwa mlangoni, mlango usiopitisha maji ukapata mpira mpya, taa ya deki iliyokufa tangu masika ikawaka. Kwa kazi ambayo kuanguka majini ni miongoni mwa njia kubwa za kufa, taa ya deki si jambo dogo.

Lawama yangu kwa waliotunga masharti iko kwenye pesa. Ada ya mwaka ilianza dola 1,030 kwa kila tagi, kisha ikatenganishwa: anayefuata njia ya mfumo dola 973, anayekaguliwa na Walinzi wa Pwani dola 2,184. Hesabu yao naielewa, kwamba kila mmoja alipie saa za wakaguzi anazotumia. Ila ukimtoza mtu mdogo zaidi ya mara mbili kwa kuchagua kuangaliwa na jicho la nje, umemsukumia kwa muuza majalada. Na bado hujamhesabia kupandisha gudini, mara mbili kila miaka 5 kwa boti ya maji chumvi, mara moja kwa ya maji baridi, siku ambazo tagi hailipwi hata senti.

Mwenye boti wetu alinung'unika juma zima. Kazi ya kuziba shafti upya ilituchukua asubuhi moja na vifaa vya bei ya viatu vya kazi. Mwaka uliofuata akahamia njia ya ukaguzi, na jalada likabaki chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni. Kwenye batli, daftari la kumbukumbu za boti, akaanza kuandika kwa mkono, sentensi fupi zenye makosa ya tahajia. Ukurasa mmoja niliupiga picha kabla sijaacha kazi. Umeandikwa: kengele imelia saa nane usiku, nimeshuka, maji inchi mbili, pampu imetoa, sijui yanatoka wapi, nitaangalia kukicha. Chini yake, kwa wino mwingine: bomba la sinki.