Soma kibandiko cha mlangoni kabla ya kununua trela la kulala

Kiangazi kikikaribia, Waswahili tulioko Marekani huanza kuulizana kama pikapu ya nyumbani itavuta trela la kulala. Jibu huwa ni namba ya kwenye tangazo: "Hii inavuta kilo 4,200, usiwe na wasiwasi." Kwa maoni yangu, namba hiyo ndiyo ya mwisho kutazamwa. Watengenezaji wengi huipata kwa kipimo cha J2807 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, ambacho ndani ya gari kinahesabu dereva na abiria mmoja tu, wa kilo 68 kila mmoja. Watoto, mbwa na kuni hazimo.

Fungua mlango wa dereva. Pembeni pana kibandiko kinachotaja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Tuseme ni kilo 650. Trela la kilo 3,000 hugandamiza nyuma ya gari kwa pua yake, yaani ncha ya mbele inayoungwa na gari, na uzito huo, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya trela, unahesabiwa kama mzigo wa gari. Kwa asilimia 13 ni kilo 390. Vyuma vya kuungia navyo kilo 40. Zimebaki 220. Baba, mama na watoto watatu wanazimaliza kabla hamjapakia hata sufuria.

Hapo ndipo linapofanyika jambo linalonitisha kuliko yote: watu wanahamishia mizigo nyuma ya trela ili pua iwe nyepesi. Trela lenye pua nyepesi huyumba. Lori likikupita kwa kasi au upepo ukipiga ubavuni, mkia unaanza kucheza, kila myumbo mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka trela ndilo linaloliendesha gari. Ukiwa kwenye mteremko na watoto nyuma, hakuna ufundi wa usukani utakaokuokoa kwa uhakika.

Uzito wa trela nao usiuchukue kwa mdomo wa muuzaji. Atakutajia wa trela tupu, wakati lita 150 za maji peke yake ni kilo 150. Soma kibandiko cha trela lenyewe, upande wa kushoto kuelekea mbele, penye uzito wa juu unaoruhusiwa. Piga hesabu kwa huo.

Kisha nenda mizani. Aliyewahi kupita Vigwaza, Tanzania, au Mariakani, Kenya, anadhani mizani ni ya malori tu, lakini huku vituo vingi vya malori vinampimia yeyote kwa dola chache na kumpa risiti yenye uzito wa kila ekseli. Nenda na familia nzima, tangi la mafuta limejaa.

Hesabu ikikataa, chukua trela dogo zaidi au gari lenye uwezo. Mafundi watakuuzia mifuko ya hewa ya kuinua nyuma ya gari. Itainua kweli, gari litasimama sawa, na kilo za kibandikoni zitabaki zilezile 650.